Mtambo Uliotengenezwa kwa Watu Wengine

Mitambo mingi inayobeba sauti za redio zetu za mikoani haikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Mikisa ilibuniwa kwa ajili ya bendi au kwaya. Limita, kifaa kinachozuia sauti isizidi kiwango, ilitoka kwenye kituo cha Marekani kilichokwisha kununua nyingine. Deki ya mikanda ilifanya kazi Ulaya mpaka wenyewe wakaichoka, ikaingia kwenye kontena. Vyote vinafika Tabora vizima, ukivichomeka vinawaka, taa zinapanda na kushuka, na bado havifai kazi mpaka mtu afungue mfuniko, ashike pasi ya kuchomelea risasi na kubadili kitu ndani. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Karakana yangu iko Kitete, upande wa hospitali ya mkoa, na wanaoniletea mitambo ni vituo vya hapa mjini na vya wilaya za jirani.

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipofika hapa Unyanyembe ilitua mizigo. Wapagazi wengine walilipwa wakarudi kwao, wengine wakaajiriwa, na mizigo ikafungwa upya kulingana na njia iliyobaki. Mtambo wa redio ukifika Tabora nao unahitaji kufungwa upya. Ndiyo maana nina msimamo mmoja ambao sitaki kuuficha: tunafungua mtambo ili upatane na umeme wetu, na mitambo mingine ya studio, na simu za wasikilizaji, na redio zilizoko majumbani. Anayeufungua kwa nia ya kuufanya uwe na sauti tamu kuliko alivyokusudia aliyeubuni, mara nyingi anauharibu.

Nianze na herufi s. Kiswahili kimejaa s na sh: asubuhi, shikamoo, sasa hivi, msikilizaji. Kituo kimoja kiliniita kwa sababu mtangazaji wao wa asubuhi alikuwa anachoma masikio ya watu. Walikwisha kubadilisha maiki, walikwisha kumsogeza kiti, walikwisha kumwambia aongee kwa upole, na dada wa watu akawa anaamini kasoro iko kwenye meno yake. Nilimwomba aongee, nikasikiliza kwenye hedifoni za mikisa: sauti safi kabisa. Nikatoka uani na redio ndogo ya betri, nikasikia kila s ikikwaruza. Kwa hiyo kasoro ilikuwa mbele ya mikisa, na kitu kilichokuwa mbele ya mikisa ni limita ya Kimarekani.

FM ina udhaifu wake wa asili. Ule mkwaruzo unaosikika nyuma ya matangazo huzidi kadiri unavyopanda kwenda kwenye sauti nyembamba. Ili kuushinda, kituo huinua sauti nyembamba kabla ya kuzirusha, na kila redio inayopokea, iwe ya mchungaji wa ng'ombe au ya kwenye basi la Nzega, huzishusha kwa kipimo kilekile. Zikishushwa, mkwaruzo nao unashuka pamoja nazo, sauti inabaki kama ilivyotoka kinywani. Uinuaji huo huitwa priemfasisi, na kipimo chake huhesabiwa kwa mikrosekunde. Marekani hutumia mikrosekunde 75, na limita ile ilikuwa ikiinua kwa kipimo hicho. Ulaya na Afrika tunatumia 50. Ukirusha kwa 75 na msikilizaji akapokea kwa 50, inabaki ziada ambayo hakuna wa kuishusha. Katika kilohezi 7, mahali ambapo s za watu wengi zinakaa, ziada hiyo inafika desibeli 3, yaani nguvu ya s imekuwa mara mbili. Limita nayo, ikiona nguvu hiyo, inaikandamiza sauti nzima kila inapopita s, ndiyo maana dada yule alisikika pia kama mtu anayeshikwa koo na kuachiwa.

Kipimo hiki ndani ya saketi ni kitu rahisi kuliko jina lake. Ni rizista mara kapasita. Kwenye limita ile kila upande, kushoto na kulia, ulikuwa na kapasita ya nanofaradi 1 na rizista ya kiloomu 75. Zidisha, unapata mikrosekunde 75. Kapasita niliziacha, maana za aina ile hazibadiliki kwa joto na kuzipata hapa ni shida. Nilichotaka ni kiloomu 50, thamani ambayo muuzaji wa vipuri hana. Anazo za kiloomu 100, na mbili za 100 zikifungwa sambamba zinatoa 50. Nilimwaga pakiti nzima mezani, nikazipima moja moja kwa mita, nikachagua nne zilizokaribiana zaidi. Pande mbili zikitofautiana, sauti ya mtangazaji haikai katikati, inavutwa upande. Nikanyonya risasi ya zamani kwa pampu, nikazisimamisha rizista mpya wima mbili mbili, nikachomelea. Kazi ya mkono ilikuwa fupi. Iliyochukua muda ni kusoma mchoro wa saketi na kuhakikisha kwamba hakuna sehemu nyingine ndani ya limita inayotegemea 75 ile ile. Siku iliyofuata mtangazaji alisalimia wasikilizaji kwa mwangaluka na shikamoo, na hapakuwa na aliyepiga simu kulalamika.

Limita na mikisa ni mitambo ya studio, nafungua bila hofu. Mtambo wa kurushia wenyewe ni habari nyingine. Masafa yake na nguvu yake vimewekwa kwenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kupepea kwa mawimbi yake kusizidi kilohezi 75 kila upande, la sivyo unamwingilia jirani. (Hii 75 haihusiani na ile ya mikrosekunde, ingawa vijana wanaoanza huzichanganya.) Huko ndani siingii kwa akili yangu mwenyewe.

Jambo la pili ambalo vituo karibu vyote huniletea ni simu. Kipindi cha redio ya mkoani bila simu za wasikilizaji hakina uhai: mkulima wa tumbaku wa Urambo anataka kuuliza bei, mama wa Sikonge anataka kumsalimia binti yake aliyeko Ng'ambo hapa mjini. Sasa mpigaji lazima amsikie mtangazaji, lakini asijisikie mwenyewe. Sauti yake ikirudishwa kwenye simu yake, inamfikia kwa kuchelewa kidogo, na hakuna binadamu anayeweza kuongea vizuri huku maneno yake yanamfuata nyuma. Nimewahi kuwa studio bibi mmoja akasimama katikati ya sentensi na kusema, "Mwanangu, kuna mtu hapo anarudia ninachosema." Mtangazaji akamjibu kwa heshima, "Samahani sana bibi, ni mitambo," na kipindi kikaendelea kwa taabu.

Mikisa zilizotengenezwa kwa ajili ya redio zina njia maalumu ya kumtumia mpigaji kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Mikisa ya bendi haina. Ilicho nacho ni oksi, ile njia ya pembeni ambayo wanamuziki huitumia kwa spika za jukwaani au kwa mwangwi. Unachukua oksi moja, unafungulia maiki ya mtangazaji na muziki, unafunga kabisa kitufe cha simu, na unapeleka oksi hiyo kwa mpigaji. Kwenye karatasi kazi imekwisha. Lakini studioni, mtangazaji anashusha feda ya maiki, kile kitelezi cha sauti, wimbo unapopigwa, halafu anataka kumwambia mpigaji, "Subiri mama, wimbo ukiisha tunakuweka hewani," na mpigaji hasikii neno, kwa sababu oksi ile huchukua sauti baada ya feda. Feda ikiwa chini, oksi nayo iko kimya.

Hapo ndipo mfuniko unapofunguliwa. Katika mikisa nyingi za zamani zenye bodi kubwa, kwenye kila chaneli kuna vitobo vitatu na daraja dogo la waya linalounganisha viwili kati yake. Likiwa upande huu, oksi inachukua sauti baada ya feda. Ukilihamishia upande wa pili, inachukua kabla. Mtengenezaji mwenyewe alijua kuna watakaohitaji, akawaachia nafasi. Nalihamisha daraja kwenye chaneli za maiki peke yake, muziki nauacha kama ulivyo. Kabla sijafunga mfuniko nawaita watangazaji wote, nawaambia wazi: kuanzia leo mpigaji aliyeko kwenye laini anasikia kila neno unalosema studio hata ukiwa umeshusha feda. Msimseme mtu. Nasisitiza hili kuliko kitu kingine, maana mabadiliko ya ndani yanabadili pia tabia inayotakiwa kwa anayekaa mbele ya mtambo, na yeye haoni kilichobadilika.

Mikisa hiyohiyo ya bendi ina upungufu mwingine: haijui kuzima spika za studio maiki inapofunguliwa. Spika zikiendelea kulia, maiki inazisikia, inazirudisha, na unapata mlio unaokata masikio. Kwa hiyo naweka swichi ndogo chini ya reli ya feda. Feda ikiinuka tu, swichi inaamsha rilei ya volti 12, rilei inakata spika na kuwasha taa nyekundu ya mlangoni. Fundi mgeni akifanya kazi hii kwa mara ya kwanza huwa anashangaa kusikia mlio wa "tak" hewani kila maiki inapofungwa. Koili ya rilei ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kwa kinyume, na volti hizo zinaruka hadi kwenye waya za maiki zilizo karibu. Dawa yake ni dayodi moja, ya bei ya pipi, ikifungwa kinyume juu ya koili ileile, si mwisho wa waya. Nimekuta studio zilizoishi na "tak" hiyo kwa miaka kwa kukosa dayodi.

Umeme naupitia haraka kwa sababu unajulikana. Kifaa cha Marekani kilitengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Umeme wetu ni 230 na 50. Transfoma nzuri huwa na koili mbili za kuingizia umeme, kule zimefungwa sambamba, hapa unazifunga mfululizo, na lazima uangalie vichwa vya koili visigeuzwe, fyuzi nayo ipunguzwe ampea kwa nusu. Deki ya zamani ambayo mota yake inafuata hezi za umeme haiponi kwa transfoma pekee. Itazunguka taratibu zaidi kwa moja ya sita, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume. Kapasita za kuchujia umeme, zile za elektrolaiti, hukauka. Zilizoandikwa nyuzi 85 naziondoa na kuweka za nyuzi 105, maana kila nyuzi 10 unazoipunguzia kapasita joto, umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili, na Oktoba ya Tabora inajulikana ilivyo.

Sasa nije kwenye mabadiliko ninayoyakataa. Kuna vijana, mafundi hodari kwa mkono, wanaoamini kwamba mikisa yoyote ya zamani inaboreka ukitoa aisii za TL072, zile chipu za kukuza sauti, na kuweka NE5532. Zinaingiliana miguu kwa miguu, ni rahisi kama kubadili balbu. NE5532 ni aisii njema, ina mkwaruzo mdogo, na studio nyingi duniani zimejengwa juu yake tangu mwisho wa miaka ya 1970. Lakini TL072 inakula kama miliampea 3, na NE5532 inakula 8. Mikisa yenye aisii 40 inaongezewa miliampea 200 kwa kila upande wa umeme wake. Regyuleta ambazo zilikuwa za uvuguvugu sasa huwezi kuzishika. Zaidi ya hapo, mlango wa kuingilia wa NE5532 hunyonya mkondo ambao TL072 karibu haiunyonyi kabisa, na mkondo huo ukipita kwenye kitufe cha sauti, kila ukikizungusha unasikia mchakacho ambao haukuwepo. Aisii ya kasi ikiwekwa kwenye bodi isiyobuniwa kwa ajili yake huweza pia kutetemeka yenyewe kwa masafa ambayo sikio haliyasikii. Mita ya kawaida haiyaoni. Unaona tu aisii imechemka na sauti imekuwa chafu bila sababu, mpaka ulete oskiloskopu.

Wanaotetea jambo hili hunikumbusha wakubwa wa dunia, na wana haki ya kunikumbusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mafundi wa EMI kwenye studio za Abbey Road, London, walizichukua kompresa za Altec kutoka Marekani, aina ya 436B, wakazifungua na kuzibadili mpaka zikapewa jina jingine, RS124. Sauti za Beatles zilipita ndani yake. Lakini tazama walichobadili. Altec ile ilikuja bila vitufe vya kuamua sauti irudi haraka au taratibu, nao walivihitaji kwa kazi yao ya kila siku, wakaviweka. Waliifanya iingie kwenye mpangilio wa studio yao. Huo ndio mfano ninaotaka vijana wauige, na wanapokuja karakana nawawekea mbele kwanza karatasi na kalamu waandike wanachohitaji, pasi baadaye.

Kuna kazi moja ambayo naipenda kuliko zote ingawa haina fedha: deki za mikanda. Nyimbo nyingi za bendi zetu za zamani ziliwekwa kwenye mikanda na Redio Tanzania Dar es Salaam, na mji huu una deni la pekee kwa mikanda ya enzi hizo. Tabora Jazz na Segere Matata yao, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids ya Salum Zahoro, ni bendi za hapa. Mtu akiniletea mkanda wa zamani wa robo inchi ili auhamishie kwenye kompyuta, swali la kwanza ni lile lile la limita: uliinuliwa kwa kipimo gani? Kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, utaratibu wa Ulaya ni mikrosekunde 70. Wa Marekani ni 50, pamoja na marekebisho mengine ya besi ya mikrosekunde 3180. Ukiupiga mkanda wa utaratibu mmoja kwenye deki ya mwingine, gitaa la solo linabadilika rangi, na besi inavimba au inakonda. Kwa hiyo kwenye deki yangu nimeongeza swichi ya nyuma inayochagua kati ya rizista mbili kwa kila upande, na swichi ya pili inayounganisha pande mbili kuwa moja kwa mikanda ya mono. Mwenye mkanda anaketi hapo, ananiambia tu, "Fundi, hapo ndipo penyewe," kwa sababu yeye aliusikia wimbo ule ukumbini na mimi sikuwepo. Mita yangu inaheshimu sikio lake, na ninapomaliza naandika ni upande gani wa swichi ulitumika, ili atakayeuhamisha tena asianze upya.

Kuandika ndiyo nusu ya kazi hii. Kila mtambo unaotoka Kitete una karatasi ngumu iliyobandikwa ndani ya mfuniko: tarehe, namba ya kifaa kwenye bodi, thamani iliyotolewa, thamani iliyowekwa, sababu, na jina langu. Vipuri nilivyovitoa navitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, naufunga ndani ya boksi pembeni, mbali na joto. Mzee aliyenifundisha, fundi redio wa karibu na stesheni, hakuwa na mazoea haya; alikuwa na kila kitu kichwani. Alipofariki, tulibaki na mitambo mizuri ambayo hakuna aliyejua kwa nini waya fulani umeruka kutoka hapa hadi pale, na mingine tuliitupa kwa kushindwa kuielewa. Nasema hivi kwa uchungu, maana kazi yake ilikuwa safi kuliko ya wengi.

Mikisa zinazokuja siku hizi zimenibadilishia namna ya kufanya kazi. Vipuri vyake ni vidogo kama chembe ya mtama, vimebandikwa juu ya bodi bila kutoboa, hakuna mchoro wa saketi unaotolewa, na oksi inachaguliwa kwa programu. Huko ndani sina cha kufanya, na kwa kweli mara nyingi hakuna haja. Tatizo limehamia kwenye viungo: kompyuta ya nyumbani inatoa sauti kwa kiwango cha theluthi moja ya volti, mitambo ya kitaalamu inataka volti 1.23, na ardhi ya kompyuta ikikutana na ardhi ya studio unapata mvumo wa umeme, hasa kiangazi udongo unapokauka na nondo ya athi kupoteza nguvu. Kwa hiyo sasa natengeneza kisanduku cha bati kinachokaa katikati: transfoma mbili za sauti, moja kwa kila upande, ili nyaya zisigusane kabisa, na aisii moja ya kuinua desibeli 12. Hapo naitumia NE5532 kwa moyo mkunjufu, kwenye bodi niliyoichora mwenyewe, yenye kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya umeme ya aisii na regyuleta zenye bati la kupozea. Karatasi yake nayo imebandikwa ndani ya kifuniko.